Jina la Kui Lilipotea Njiani

Chelagat hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa kuambiwa. Ukimwambia chai imechemka, alifunua sufuria. Ukimwambia mlango wa chini umefungwa, alishuka ngazi kwenda kuutikisa. Alikulia Olenguruone, ambako mama yake alilima viazi, na kila msimu aliwaona wanunuzi wakija na magunia ya lumbesa, yale yaliyoongezwa shingo, wakiapa kwa Mungu kwamba hilo ni gunia moja tu. "Mtu akiapa kabla hujamuuliza," mama yake alimwambia, "angalia mikono yake." Alishuka Nakuru na tabia hiyo, na kusema kweli ndiyo iliyomfanya awe hodari kazini.

Nilifanya kazi naye miaka minne, ghorofa ya tatu, mahali ambapo upepo ukitoka Menengai unaacha vumbi kwenye kila kibodi. Kampuni yetu ilikuwa na tovuti ambapo watu wanaoandika programu za kompyuta huweka kazi zao: ile code yenyewe, yaani maandishi ya programu, na pia mazungumzo yote yanayoizunguka. Nani aliona kosa, nani alipendekeza nini, nani alikataa na kwa sababu gani. Mimi nilikaa dawati la malalamiko. Chelagat ndiye aliyetengeneza na kutunza programu ya kuhamisha miradi. Mtu aliyekuwa ameweka kazi yake kwenye tovuti nyingine, akitaka kuja kwetu, alibonyeza mara moja tu, na programu ya Chelagat ikaenda kule, ikafungasha kila kitu, ikakileta. "Ni kama kuhama nyumba," alipenda kueleza, "ila ukifika, kila kijiko lazima kijulikane ni cha nani."

Jumanne moja nilipokea ujumbe mfupi. "Mmeniibia jina. Mradi wa Tahadhari umeletwa kwenu na kazi yangu yote ya miaka miwili inaonekana imefanywa na Naftaly. Mimi ni Kui, naishi Karagita."

Nikampelekea Chelagat. Aliusoma mara mbili, akarudisha kiti nyuma.

"Huyu ni tapeli, Jonah."

Alikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia mwanamume mmoja alitulilia kwa simu akidai mradi ni wake, kumbe mwenye mradi alikuwa amefariki, na huyo hakuwa hata jamaa yake. "Mwambie atume ushahidi," Chelagat alisema.

Kui hakutuma kitu. Alhamisi asubuhi alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, sweta ya kijani, simu yenye kioo kilichopasuka, na mikono yenye alama nyingi ndogo za miiba ya waridi. Alikataa kiti.

"Nikiwatumia ushahidi mtaufuta," alisema. "Fungua hiyo kompyuta nikiona. Na huyo Naftaly, mnajuana naye?"

"Dada, hapa hatujuani na mtu," Chelagat akamjibu.

"Hivyo ndivyo kila mtu husema."

Walitazamana kama watu wawili waliokutana kwenye mlango mwembamba, kila mmoja akingoja mwenzake arudi nyuma. Mwishowe Kui akaeleza. Alikuwa akikata maua kule Naivasha, kwenye greenhouse, yale mabanda makubwa ya plastiki. Greenhouse ikipigwa dawa, watu wanapaswa kukaa nje kwa masaa kadhaa, lakini wasimamizi wakiwa na haraka wanawarudisha mapema. Rafiki yake aliwahi kuanguka katikati ya mistari ya maua, akitapika. Kui akamwendea Naftaly, fundi wa kompyuta mjini aliyekuwa akimfundisha, na wakatengeneza Tahadhari, programu inayowatumia wafanyakazi ujumbe kwa simu: greenhouse gani imepigwa dawa, na saa ngapi ni salama kuingia. Kui hakuwa na kompyuta. Aliandika kwa simu, vipande vipande, akiviweka kwenye mazungumzo ya mradi, na Naftaly akaviingiza mahali pake. Kwa hiyo code ilikuwa na jina la Naftaly tangu mwanzo. Mazungumzo peke yake ndiyo yaliyoonyesha ilitoka kichwa cha nani.

Sasa hata hayo yalisema Naftaly.

"Wiki jana nimeitwa interview Nairobi," Kui alisema. "Wakaniambia, tuonyeshe kazi yako. Nikafungua. Jina langu hakuna hata mahali pamoja. Walinitazama kama mwizi."

Chelagat hakuonyesha huruma. Aliufungua mradi na kumtega. "Haya niambie. Kwa nini masaa yanahesabiwa kutoka mwisho wa kupiga dawa, na si mwanzo?"

Kui hakufikiri hata kidogo. "Kwa sababu greenhouse kubwa inapigwa masaa mawili. Ukihesabu kutoka mwanzo, unaingiza watu na ile kona ya mwisho bado ni mbichi."

Chelagat akamvutia kiti. Aliniambia baadaye kwamba mtu anaweza kuiba jibu, lakini hawezi kuiba ile "kona ya mwisho".

Basi kama Kui hakuwa mwongo, kulikuwa na mwongo mahali pengine, na Chelagat hakuhitaji kumtafuta mbali. Mwaura, kijana mpole kutoka Bahati, nje kidogo ya Nakuru, ndiye aliyekuwa akimsaidia kuitunza programu. Kumbukumbu zilionyesha kwamba wiki sita nyuma Mwaura aligusa sehemu inayolinganisha majina. Wiki moja baadaye, Naftaly akauhamisha mradi. Na Naftaly, kwa maelezo aliyojiandikia mwenyewe kwenye tovuti, naye alikuwa mtu wa Bahati.

"Na kuna jambo lingine," Chelagat aliniambia kwenye ngazi, sauti chini. "Nilimsikia akiongea kwa simu. Alisema, 'Naftaly, usijali, itaingia tu.' Nilisikia kwa masikio yangu."

Mchana huo wote alimchunga. Mwaura akipita nyuma yake, aliifunga kompyuta. Mwaura akicheka na mtu, alihesabu walicheka muda gani. Jioni akaenda kwa Makhanu, mkubwa wetu, akaomba Mwaura azuiwe kuigusa programu mpaka uchunguzi uishe. Makhanu hakupenda, lakini alikubali.

Ijumaa Mwaura alifika, akajaribu kuingia, akakataliwa. Akajaribu tena. Akageuka kututazama.

"Kuna shida gani?"

Mimi nilitazama ndani ya kikombe changu. Sitajificha: nami nilikuwa nimeamini.

Siku hiyo Chelagat akaanza kutafuta uthibitisho. Alitengeneza mradi mdogo wa watu wawili, yeye na mtu aliyempa jina la dada yake, Cheruto, ambaye hakuwa na akaunti kwetu. Akauhamisha. Kila neno la Cheruto likatokea na jina la Chelagat. Aliniita akiwa karibu kutabasamu. "Umeona? Sasa natoa yale aliyoweka Mwaura, halafu narudia."

Akayatoa. Akarudia. Matokeo yakawa yale yale.

Akarudi nyuma toleo moja, halafu lingine. Chakula cha mchana kikampita. Alirudi nyuma mwaka mzima, miwili, mpaka akafika toleo la kwanza kabisa, lile aliloliandika peke yake kabla Mwaura hajaajiriwa. Nilimwona ameacha kuandika. Nikaenda.

Juu ya mstari mmoja wa code kulikuwa na maelezo yake mwenyewe: "Mwandishi asipopatikana, mpe anayehamisha. Nitarekebisha baadaye."

"Ni mimi," alisema. "Kui hakuwa na akaunti kwetu, kwa hivyo programu ikampa Naftaly kila kitu. Mimi ndiye niliyeiambia ifanye hivyo."

Na alichoongeza Mwaura kilikuwa kitu kimoja tu: mwisho wa safari, anayehamisha alipewa orodha ya majina ambayo hayakupatikana. Kwenye orodha ya Naftaly kulikuwa na jina moja.

Chelagat akampigia Naftaly palepale, simu ikiwa kwenye spika.

"Hiyo list niliiona," Naftaly alisema. "Lakini madam, hizo list za computer nani husoma?"

"Ulipofungua mradi, ukaona maneno ya Kui yana jina lako?"

"Nilidhani mtarekebisha."

"Wiki tano?"

"Na nyinyi si mlikuwa mnajua mashine yenu?"

Chelagat akakata simu. Mpaka leo sijui kama Naftaly alikuwa mwizi, au mzembe tu ambaye uzembe wake ulimletea faida. Chelagat ana maoni yake, nami nina yangu.

Mzigo halisi uliotoka tovuti ya zamani huhifadhiwa kwetu siku arobaini, halafu unafutwa. Kui alipoitwa tena, Jumatatu, ilikuwa siku ya thelathini na nane. Alifungua akaunti, akakaa kando ya Chelagat tangu asubuhi mpaka saa kumi, wakipitia moja moja. "Hiyo ni yangu. Hiyo pia." Mara moja Chelagat alikuwa ameshaandika jina la Kui, Kui akamshika mkono.

"Hapana. Hiyo ni ya Naftaly. Mwachie."

Ile kazi ya Nairobi ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Kui hakutushukuru, na sidhani tulistahili. Alipokuwa akiondoka aliuliza swali moja: "Wengine ni wangapi?"

Chelagat alikuwa ameshahesabu. Miradi mia tatu na kumi na miwili.

Siku iliyofuata, mbele yetu sote, alimwomba Mwaura msamaha. Alisema yote, hata ile simu aliyoisikia.

Mwaura alikunja uso, akijaribu kukumbuka. "Huyo Naftaly ni shemeji yangu, si huyu wa Tahadhari," alisema. "Alinunua sofa kubwa, mlango wake mdogo. Nilikuwa namwambia itaingia." Kuna aliyecheka, lakini Mwaura hakucheka. "Ungeniuliza tu, Chela. Swali moja."

Mwezi huo akaomba kuhamia kitengo kingine. Wanasalimiana. Chelagat alipoiandika upya ile sehemu, ili kazi ya mwandishi asiyejulikana ikae chini ya jina tupu mpaka mwenyewe aje kuikubali, alimwomba Mwaura aikague. Mwaura alimrudishia bila salamu, makosa mawili yakiwa yamewekwa alama nyekundu. Yote mawili yalikuwa makosa kweli.

Halafu zikaja barua, kwa majina na nambari tulizozipata kwenye kumbukumbu za programu. Tuliwaandikia wote ambao majina yao yalikuwa yamepotea, tukiwaomba waje wachukue kazi zao. Wengi hawakujibu. Waliojibu walituita matapeli. Mmoja alitishia kutupeleka polisi. Chelagat akaamua kupiga simu mwenyewe, na wa kwanza kupokea alikuwa mwalimu mstaafu wa Eldama Ravine, aitwaye Kigen, aliyewahi kuandika programu ya kupanga ratiba ya shule.

"Wewe ni nani," mzee aliuliza, "na unataka nini na jina langu?"

Chelagat akamweleza. Mzee akamuuliza kampuni iko jengo gani, mkubwa wake anaitwa nani, na kwa nini walingoja miaka mitatu. Alijibu moja baada ya jingine, pole pole, bila kuapa. Karibu saa nzima ikapita. Mwishowe mzee akasema atafikiria, akakata simu. Chelagat akaweka alama ya penseli kando ya jina lake, akanywa maji, akapiga nambari iliyofuata.