Mervyn Clissold na Ubao wa Mkewe

Mervyn Clissold alitandika mazulia maisha yake yote, na hakuna mgeni hata mmoja aliyepata kusikia hilo kutoka kinywani mwake. Ukimuuliza kazi yake alikujibu, "Mimi naendesha Mlimani." Mlimani! Utadhani mlima wa hapa Bathurst, Australia, uliumbwa kwa ajili yake. Siku za kawaida barabara ya Mlimani ni barabara kama nyingine: watu wanaishi kando yake, wanatoa mapipa yao ya taka, na polisi wanajibanza nyuma ya miti wakisubiri wanaozidisha mwendo. Ikishafungwa kwa mashindano, wanaume wa huku wanapandwa na wazimu. Mtu ambaye wiki iliyopita alishindwa kupanda ngazi za maktaba kwa sababu ya magoti, utamkuta anajikunja mara tatu aingie kwenye kigari cha viti viwili kisicho na paa, na akitoka humo anatembea kifua mbele.

Kigari chenyewe kilikuwa cha Kiingereza, cha kijani, kimeipita ndoa yake kwa umri. Mervyn alikinunua kikiwa vipandevipande ndani ya masanduku ya matunda, kwa mjane mmoja wa Lithgow aliyekuwa anatafuta nafasi ya kuweka friji. Alikaa nacho gerejini zaidi ya miaka kumi akikiunga. Kila skrubu ilibidi iagizwe Uingereza. Miaka hiyo yote bomba la jikoni lilikuwa linavuja, na skrubu ya bomba ilikuwa inauzwa dukani hapo mtaani.

Gwenda, mkewe, alikuwa anapokea wagonjwa kwa daktari wa mifugo, kwa hiyo alishazoea kuwashika madume wasiotaka kushikwa. Aliolewa na Mervyn kwa sababu alimchekesha kwenye dansi, na hata uzeeni bado alimchekesha, ingawa siku hizi mara nyingi bila mwenyewe kukusudia. Alimpenda. Hilo lisemwe tu wazi, maana mengine yote utakayosikia yatakufanya udhani vinginevyo.

Sasa kuna hicho chama chao cha magari ya kale. Wazee watupu, vitambi mbele, kofia zenye nembo, kila mmoja na hadithi ya kona aliyoipiga mwaka ambao hakuna shahidi aliye hai. Na usifikiri wanashindana mbio. Wapi! Shindano lao ni hili: kila dereva anatangaza kabla kwamba kila mzunguko wa Mlima utamchukua muda fulani, kisha anaingia barabarani bila saa, na anayekaribia zaidi muda wake ndiye mshindi. Mtu mwenye akili angetaja muda wa mwendo wa kwenda kanisani, apate kikombe chake arudi nyumbani. Lakini nani ataonekana mwoga mbele ya wenzake? Kwa hiyo kila Pasaka wazee wale wanataja muda wa kijana wa miaka ishirini na mitano, halafu wanatoa macho mlima mzima kuutafuta.

Kazi ya wake zao ni kusimama kwenye ukuta wa saruji kando ya barabara, saa mkononi, na kila mume akipita kumwinulia ubao: ongeza, au punguza. Mume akishasoma ananyoosha dole gumba kuonyesha kwamba amesikia. Gwenda alishika ubao ule kwa jua na kwa mvua, ndani ya koti lake la njano, na shukrani aliyopata ni kulaumiwa wakati wa chai.

Na desturi yao nyingine, hii ndiyo kubwa: mtu haambiwi lolote kuhusu gari lake wala uendeshaji wake mpaka aulize mwenyewe. Gurudumu lako linaweza kuwa linataka kuchomoka, watalitazama, watakunywa chai yao, watasema, "Hali ya hewa imetulia leo." Hiyo ndiyo wanaiita heshima.

Jumamosi ya Pasaka ile Mervyn aliingia barabarani nyuma ya rafiki yake Nev Oxley, ambaye ana kigari chekundu cha umri uleule. Mzunguko wa pili Gwenda aliona mumewe anakimbiza mno, akainua ubao: PUNGUZA. Mervyn akatoa dole gumba, akaongeza. Akainua tena, kwa herufi kubwa zaidi. Dole gumba lilelile, na kigari kikapita kinalia kama cherehani.

"Umenionyesha upuuzi gani leo?" Mervyn alifoka aliporudi kwenye mabanda ya magari. "Nimepoteza alama zote!"

"Nimekuandikia upunguze. Mara mbili. Ukanipa dole."

"Hukuandika punguza."

"Niliandika nini basi?"

Mervyn akafungua mkate wake wa soseji, akaanza kuchokoa vitunguu. "Mwandiko wako, Gwen, siku zote ni wa daktari," akasema.

Kichwani mwa Gwenda vitu vilianza kujipanga vyenyewe. Gazeti ambalo Mervyn aliacha kulisoma kwa madai kwamba limejaa uongo. Hotelini anavyoagiza siku zote "kama alichoagiza huyu." Kwenda mjini anavyompa yeye usukani, eti anapumzisha mgongo. Na Gwenda mwenyewe alikuwa amefurahi, jamani, akidhani hatimaye mume wake amejifunza ustaarabu.

Madereva walipoingia tena barabarani alasiri, Gwenda alichukua chaki akaandika: WEWE NI BWEGE.

Mervyn akapita. Dole gumba juu, na tabasamu.

Ukuta mzima ulikufa kwa kicheko. "Looo, amekiri mwenyewe!" alisema mama mmoja huku akijifuta machozi. Nev naye alikuwepo, maana injini yake ilikuwa imeanza kukohoa akatoka mapema, na alicheka mpaka akashika ukuta. Gwenda akafuta, akaandika: NIMEUZA GARI. Mervyn akapita. Dole gumba.

Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Nev hakucheka kabisa. Alikuwa anachunguza kwa bidii kifuniko cha chupa yake ya chai.

"Nev," alisema Gwenda, "unajua kitu."

"Mimi? Najua nini mimi?"

"Nimeshika paka wakubwa kuliko wewe, Neville Oxley. Sema."

Nev akatazama huku na huku. "Anafuata taa yangu ya nyuma," akasema polepole. "Tangu mwaka juzi. Mimi nikifunga breki anafunga, mimi nikikata kona anakata. Siku moja nilikosea kule juu, nikapanda majani. Naye akapanda majani nyuma yangu, vilevile. Leo nilipotoka alijishikiza kwa taa ya gari jingine lililokuwa mbele."

"Na hukumwambia mtu?"

"Hajauliza, Gwenda."

"Nani mwingine anajua?"

Nev akarudi kwenye kifuniko chake. Gwenda akatazama ule ukuta, kofia zote zile zenye nembo, na hapakuwa na kofia iliyomtazama. Wote walijua. Wanaume wazima wenye wajukuu walikuwa wamekaa miaka miwili wakimtazama kipofu akishuka Mlima kwa mwendo wa ndege, na walichofanya ni kumpisha nafasi nzuri kwenye foleni nyuma ya Nev. Kule juu barabara inapita kati ya kuta mbili za saruji, halafu inaporomoka mahali usipopaona hata kama una macho ya mwewe. Gwenda akamgeukia Nev.

"Na kesho?"

"Kesho mimi siendi," alisema Nev. "Injini imekwisha. Na bila mimi, wa kwanza kwenye foleni ni yeye."

Kwa hiyo kesho hakutakuwa na taa ya kufuata. Gwenda akaenda moja kwa moja kwa Clive Pettifer, msimamizi mkuu wa chama, mtu mwenye masharubu yaliyochanwa na filimbi shingoni ambayo hakuna aliyewahi kumsikia akiipuliza. Akamweleza. Clive alimsikiliza kwa upole wote, akamwekea kiti, akamletea kipande cha keki.

"Karatasi yake ya daktari iko sawa, Gwenda."

"Alikariri zile herufi za kupimia macho. Namjua."

"Hakuna dereva aliyelalamika."

"Watalalamika lini? Mazikoni?"

"Unajua taratibu zetu," alisema Clive. "Sisi hatumvunjii mtu heshima. Akija mwenyewe, hilo ni jambo jingine." Gwenda akamrudishia keki yake.

Jioni jua likiwa bado lipo alimkuta Mervyn kwenye kiti cha turubai kando ya kigari, anasugua taa kwa kitambaa. Akaketi juu ya sanduku la vifaa.

"Unaona nini ukinitazama, Merv?"

"Mke mzuri."

"Uso wangu ukoje?"

Mervyn akaendelea kusugua. Kisha mkono ukasimama. "Sijauona uso wako tangu mwanzo wa mwaka juzi," akasema. "Pembeni naona. Nywele naziona, koti naliona. Katikati kuna doa. Nilikwenda kwa daktari kule mji wa Orange, wewe ukadhani nimekwenda kutafuta kabureta. Akasema hakuna dawa."

Gwenda alitaka kumpiga na alitaka kumkumbatia, na kwa kuwa hakuweza kuchagua alikaa kama alivyokuwa. "Basi kesho usiende."

"Kesho naenda."

"Nev hayupo mbele yako kesho."

Hilo hakulijua. Lilimpata, ilionekana. Lakini wewe unamjua mwanaume wa Mlimani? Thubutu! "Kuna mstari mweupe," akasema. "Naujua Mlima kwa makalio. Sihitaji macho."

"Utajiua, mpumbavu wewe. Au utamuua kijana wa watu amesimama na bendera."

"Gwen." Sauti ilimshuka. "Nikitoka hapa mimi ni nani? Mzee wa mazulia mwenye magoti mabovu na fimbo nyeupe. Niache nimalize Pasaka hii. Hawa watu wananiheshimu."

Wananiheshimu! Gwenda alikuwa na jibu la neno hilo mdomoni, la moto, lakini aliutazama uso wa mumewe uliomgeukia pembeni kidogo ili alione hata sikio lake, akalimeza. Aliomba, akabembeleza, akatishia kuondoka na funguo. Mervyn alicheka tu. Gari lile, alimkumbusha, halina funguo; lina kitufe.

Jumapili asubuhi magari yalipangwa kwenye foleni ya kutokea, na kwa adabu ile ile ya kipuuzi Mervyn alipewa nafasi ya kwanza kabisa, kwa sababu ni mkongwe. Mbele yake palikuwa na barabara tupu. Walimgonga mabega, wakamtakia heri. Hapakuwa na hata mmoja aliyemwambia, "Merv, shuka." Clive alisimama na bendera yake, masharubu yamenyooka, anatazama mawingu.

Gwenda akairuka kamba ya kuzuia watazamaji. Alikuwa na miaka sabini na kitu na nyonga ya chuma, lakini aliruka. Akaenda kusimama katikati ya barabara, hatua chache kutoka kwenye pua ya kigari, akauinua ubao juu ya kichwa ili foleni yote iuone, na ukuta wote, na wale waliokuwa na mikate ya soseji kwenye majukwaa. Alikuwa ameandika: DEREVA HUYU HAONI.

Injini zilinguruma pale, na mikate ya soseji ikakwama midomoni. Mervyn aliona koti la njano, akaona umbo la ubao. Akatabasamu, akanyoosha dole gumba.

Hata Clive Pettifer ana kikomo chake. Akaishusha bendera, akaenda mpaka kwenye mlango wa kigari, akainama. "Zima, Merv," alisema. "Zima injini, ndugu yangu."

"Kuna nini? Mafuta yanavuja?"

Clive akaanza kuipangusa filimbi yake. Mervyn akazima. Akageuza uso kulitafuta koti la njano, ambalo sasa lilikuwa limemkaribia.

"Umeandika nini, Gwen?"

Gwenda aliushusha ubao.

"Nisomee," alisema Mervyn.

Akamsomea.

Wale wa nyuma waliruhusiwa kupita, mmojammoja, wakawazunguka wakaondoka kwa kelele kuelekea kona ya kwanza. Mervyn alivua kofia ngumu, akaiweka mapajani, akaishika kwa mikono miwili mpaka gari la mwisho lilipopotea juu.

"Wote wameusoma?"

"Wote."

"Na Nev?"

"Nev alijua tangu mwaka juzi. Wote walijua, Merv. Clive nilimwambia jana kwa mdomo wangu."

"Walijua," alisema Mervyn. "Halafu wakaniweka wa kwanza."

Mervyn akageuza kichwa kuelekea ukutani, walipokuwa wamesimama Nev, Clive na wengine waliosubiri zamu yao, wanaume aliokunywa nao bia tangu nywele zake zikiwa nyekundu.

"Wanafanya nini sasa?" akauliza.

Gwenda akawatazama, mmoja baada ya mwingine.

"Wanatazama viatu vyao," akasema.

Mervyn akainua miguu yake mibovu, mmoja, halafu mwingine, akajiburuta mpaka kiti cha abiria, akampisha usukani.