Daktari Asiyekula Pongo

Ukitafuta fundi wa pikipiki hapa kwetu Ndama, utaelekezwa kwa mafundi kabla hujamaliza kueleza pikipiki ina nini. Ukitafuta daktari wa wanawake, utagundua kwamba hakuna mwanamke kata nzima aliyewahi kuugua sehemu hizo. Wote wamesikia tu. Yupo aliyesikia kwa wifi yake, yupo aliyesikia kwa mtu wa kwaya, na yupo mmoja, mama wa watoto wengi kwelikweli, aliyeniambia kwa uso mkavu kwamba mambo hayo yeye hayajui.

Nilikuwa na mimba changa, na nilikuwa nimeshapoteza mbili kabla yake. Zote mbili zilitoka tumbo likiwa limeanza kuonekana, bila maumivu ya maana. Kila mara niliambiwa pole, Mungu atakupa nyingine, na kila mara nikarudi darasani kufundisha sehemu na desimali. Kwa nini zilitoka, hakuna aliyeniambia. Wakwe zangu kule Mabira walikuwa na majibu yao: nilibeba ndoo, nilipanda bodaboda, nilipalilia migomba wakati wenzangu wamekaa. Mama mkwe aliongeza kwamba nacheka mno na wanafunzi. Sikubishana nao, kwa sababu kimoyomoyo na mimi nilikuwa najiuliza ilikuwa ndoo ipi.

Mimba hii nilitaka aione bingwa, tena wa kliniki binafsi. Si kwa maringo. Nikikaa kwenye benchi na watu ninaofahamiana nao, habari zangu hufika nyumbani kabla yangu, tena zimeshatiwa chumvi. Nilitaka mtu nimlipe, anieleze, na Jumapili nisikutane naye kanisani.

Aliyenisaidia ni mwalimu mwenzangu wa darasa la pili. Alisema kuna rafiki yake alitibiwa na mzee mmoja pale Kayanga, nyuma ya duka la pembejeo, bingwa aliyestaafu serikalini akafungua kliniki yake. Nikamuuliza huyo rafiki alimwonaje. Akasema ni mpole, anapasha mikono joto kabla ya kumgusa mtu, na kitanda chake kinalia ukigeukia kushoto. Nikasema huyo rafiki ana kumbukumbu nzuri. Mwenzangu akasema ndiyo, yuko makini sana, kisha akaendelea kusahihisha madaftari.

Kwetu mambo ya uzazi ni ya shangazi. Mama mzazi huona aibu kuyasema na mume hatakiwi kuyasikia, kwa hiyo kazi yote humwangukia dada wa baba. Wangu anaishi Rugu, ni mjane, na hajawahi kukosa la kusema. Nilimpigia simu nikamwambia siku niliyopanga kwenda. Akaja jioni ya kuamkia siku hiyo na mkungu wa matoke, akasema ni wa daktari, kwa sababu mtu haendi mikono mitupu kwenye nyumba ya watu. Nikamwambia ile si nyumba, ni kliniki. Akauliza kama haina paa.

Asubuhi nilipoamka niliona damu. Ilikuwa kidogo tu, lakini niliijua, kwa sababu mara zote mbili ilianza hivyohivyo. Mume wangu akatoka kutafuta gari, maana siku hiyo hata yeye hakuthubutu kutaja bodaboda. Tulipofika Kayanga alibaki mgahawani upande wa pili wa barabara, kama mila inavyotaka, akinywa chai ambayo hakuwa na hamu nayo.

Daktari alikuwa mzee wa mvi, shati limenyooshwa vizuri, miwani imening'inia kifuani. Alitukaribisha vizuri na akaupokea mkungu bila kushangaa, nikajua huyu ni mtu wa huku. Nikafungua mdomo niseme kilichonileta. Shangazi akanitangulia. Yeye hawezi kumweleza mtu shida yake kabla ya kujua ni mtu wa nani. Akaanza na habari za nyumbani, za watoto, za mvua na kahawa, halafu akauliza lile alilokuwa analitafuta tangu mlangoni: mzee ni wa ukoo gani?

Daktari akajibu kwamba ni mtu wa Muleba, Mlutheri, na kwao hawali pongo.

Lazima nieleze. Kila ukoo huku una mwiko wake, na ukoo hauishii wilayani wala haujali kama mtu ni Mhaya au Mnyambo. Pongo wenyewe, wale swala wa vichakani, tulishawamaliza siku nyingi, kwa hiyo mwiko huo haumnyimi mtu usingizi. Lakini mume wangu naye ni wa pongo. Na mwanamume wa ukoo wa mume wako, mwenye umri wa baba yake, ni baba mkwe wako, hata kama hamjawahi kuonana. Baba mkwe hupeani naye mkono. Huketi karibu naye wala huli mbele yake. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kwenye migomba mwingine apite. Kupanda kitandani kwake na kuvua nguo si jambo ambalo mila ililizungumzia, kwa sababu haikuwahi kumjia mtu akilini.

Shangazi alivua kanga ya mabegani, akanifunika kichwa chote, akanigeuza uso ukutani. Nilisubiri daktari acheke, aseme hapa ni kliniki, mama, mambo hayo tuyaache nje. Nikachungulia pembeni ya kanga. Mtu aliyesoma miaka yote ile alikuwa amesimama dirishani, ametupa mgongo, anautazama ukuta wa duka la pembejeo. Mikono aliificha mifukoni.

Tukaendelea hivyo. Daktari alimwambia shangazi aniulize damu ilianza lini. Shangazi akaniuliza damu ilianza lini. Nikauambia ukuta kwamba ni asubuhi hii. Shangazi akampelekea jibu, kana kwamba daktari alikuwa chumba kingine. Akauliza kama kuna maumivu, swali likaja, jibu likaenda. Kisha akasema, kwa huzuni ya kweli, kwamba kunipima ndiko hakuwezi, labda twende Bukoba kwa mwenzake, ingawa kwa hali yangu asingeshauri barabara ile.

Hapo nilichoka. Nimelelewa vizuri na mila nazijua, lakini nilikuwa navuja damu huku watu wawili wazima wakiheshimiana. Nikaitoa ile kanga kichwani.

"Nikimpoteza na huyu kwa sababu ya pongo," nikasema, "sitamsamehe mtu humu ndani."

Daktari hakugeuka, ila niliona masikio yake yamesikia. Shangazi alinitazama kwa muda, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona hana la kusema. Halafu akaketi, akajiweka sawa kwenye kiti, na kuanza upya na yule mzee. Alimuuliza mama yake alitoka wapi. Akajibu ni wa Kamachumu, akataja ukoo, haukutufaa. Akauliza mama wa mama yake je? Daktari akafikiri. Akasema bibi huyo alitoka huku huku Karagwe, aliolewa mbali, na akataja ukoo wake.

Ulikuwa wetu.

Shangazi alipiga makofi mara moja, kimyakimya. Kwa hesabu za huku, ukoo aliotoka bibi mzaa mama yako ni ukoo wa bibi zako, wote, hata binti aliyezaliwa jana. Na kwa bibi hakuna aibu. Bibi unataniana naye, unamwogesha akizeeka, unalala chumbani kwake. Undugu wa upande wa pongo ulikuwa haujafutika, alisema shangazi, lakini mtu akiwa na njia mbili za kufika nyumbani hupita ile isiyo na matope.

Daktari akageuka. Alikuwa ametokwa jasho. Akavaa miwani, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza, mimi niliyekuwa na umri wa binti yake wa mwisho.

"Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu," nikamjibu, na nikapanda kitandani. Kitanda kililia.

Alisugua viganja vyake mpaka vikapata moto. Akanipima kwa mashine na kwa mkono, polepole, bila kusema. Shangazi alinishika kifundo cha mguu, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Mimi niliangalia dari, nikajiambia kwamba akinyamaza hivi maana yake hamna tena kitu tumboni. Ndipo akaigeuza ile mashine upande wangu, akaweka kidole mahali palipokuwa panachezacheza, akasema moyo huo, bibi, unapiga vizuri.

Kisha akaniuliza habari za zile mbili. Nikamweleza zote, pamoja na ndoo, bodaboda na migomba, na kucheka na wanafunzi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema mlango wa kizazi changu ni dhaifu, ukianza kubeba uzito unafunguka wenyewe kabla ya wakati, na sasa umeshaanza kufupika. Unaweza kushonwa, ukatulia mpaka siku ifike. Angefanya hivyo wiki hiyohiyo, katika hospitali anayoruhusiwa kutumia chumba cha upasuaji.

"Na zile zilizotoka," akasema, "hukufanya kosa lolote. Hata ungelala kitandani miezi yote, zingetoka."

Nilidhani nitafurahi. Nilikasirika kwanza, hasira iliyonipandisha joto hadi masikioni, kwa miaka yote niliyokuwa nahesabu ndoo. Halafu nikaanza kulia, na sikuweza kuacha. Kwa shangazi yangu mimba iliyotoka haililiwi wala haihesabiwi, ukiililia unaifungia njia inayofuata. Yeye ndiye aliyezizika zote mbili, peke yake, nyuma ya nyumba yake kule Rugu, na mara zote alirudi na kuniambia ninawe uso. Siku ile hakuniambia kitu. Aliendelea kunishika mguu. Daktari alitoka nje akatuachia chumba, na wagonjwa wake walisubiri.

Nilishonwa. Manesi walimsikia mzee wao akiniita bibi, wakawa wananiangalia kama mtu aliyedanganya umri. Nililala miezi iliyobaki, mwenzangu wa darasa la pili akabeba na vipindi vyangu, na mume wangu akajifunza kupika maharage. Siku zile za hatari, ambazo mbili za kwanza zilitoka, zilipofika shangazi alihamia kwangu. Akatandika mkeka kando ya kitanda, na kila alfajiri aliniuliza kama nimeamka salama. Zilipita. Nyuzi zilitolewa kwa wakati wake, na haikuchukua muda nikajifungua, mtoto wa kike, mwenye sauti ya kutosha.

Muuguzi alikuja na kadi akaanza kuijaza, jina la mama, umri, makazi. Akauliza huyu ni mtoto wa ngapi. Nikafungua mdomo niseme wa kwanza.

Shangazi alikuwa amempakata, anamtazama, hata hakuinua kichwa.

"Wa tatu," akasema.