Mutoto wa Mugomba Niliyemuchoma

Yule kijana unayemuona pale anashusha mifuko ya maharagi toka kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, njo mwanangu Edmond. Angalia mabega yale! Mifuko ine juu ya mbao na magurudumu mawili, toka mulima wetu mpaka soko la Kitshanga, na breki ni mguu wake tu. Miaka mingi nilikuwa naambia watu: mimi Sebarenzi njo nilimufanya mwanaume. Nilikuwa nadanganya.

Alipokuwa na miaka sita, wasichana wa kwetu walikuwa wanachonga watoto katika moyo wa mugomba, ile sehemu nyeupe ya ndani, wanawavalisha kitambaa na kuwabeba mugongoni. Edmond naye akachonga wake. Akamufunga mugongoni na kipande cha kikwembe cha mama yake, akaenda naye kuchota maji, akaenda naye kuchunga mbuzi. Siku moja mvua ya mawe ikatukuta shambani. Watoto wote wakakimbia na shati juu ya kichwa. Yeye akavua lake akafunika mutoto wake wa mugomba! Akafika nyumbani amelowa, meno yanagongana, na furaha imemujaa usoni. Majirani wakacheka: "Sebarenzi, huyu binti yako ataolewa lini?" Nikaona haya.

Basi nikamuchongea chukudu ndogo, kitu cha wavulana. Nikamuambia mwanaume anabeba mizigo, habebi watoto. Kesho yake nikamukuta ametandika majani juu ya chukudu, amemulaza mutoto wake, anasukuma polepole akikwepa mawe. "Papa, iko na homa," akaniambia. "Namupeleka hospitali." Ayi! Hasira ikanipanda. Nikanyakua kile kitu nikakitupa motoni. Hakulia. Aliniangalia tu, akauliza: "Papa, alikukosea nini?"

Nikamupiga kofi. Mutoto wa miaka sita alijua kuuliza swali la haki, na mimi muntu muzima nilijua kofi. Hakucheza tena ule muchezo mbele yangu, nami nikajidanganya kwamba dawa imeingia.

Mwaka jana Vestine, bibi ambaye Edmond alimuoa, alizaa mbele ya wakati, mimba ya miezi saba. Walimupasua kwenye kituo cha afya, kisha homa ikamushika, hakuweza hata kuinua mukono. Mutoto alikuwa wa kike, kilo moja na nusu, kama kifaranga kilicholowa. Muganga wa pale kituoni, Mama Aurélie, hakutuficha kitu: "Mashine ya kupasha mutoto joto hatuna. Anahitaji kifua cha muntu, ngozi kwa ngozi, muchana na usiku. Akipoa, tunamupoteza. Mwanamuke wenu iko wapi?" Wangu nilishamuzika, na mama yake Vestine iko Pinga, barabara imekatwa na mvua. Nikaanza kusema tutaomba jirani. Ningali nafikiri jirani gani, Edmond alikuwa amekwisha kuvua shati.

Alimupokea bila kutetemeka. Mukono mumoja nyuma ya shingo, mwingine chini ya matako, akamulaza kifuani, kichwa pembeni apate kupumua. Mama Aurélie akashangaa: "Nani alikufundisha?" Edmond akasema: "Nilijifunza nikiwa mudogo." Hakunitazama. Mimi nilikuwa natafuta kitu chini ya kitanda, na hakukuwa na kitu.

Siku tisa! Alikula akiwa naye, alilala ameketi, chukudu ikabaki imeegemea ukuta inje. Wanamuke wa chumba kile walikuwa wanaita waume wao waje waone. Nasema bila haya: najivuna. Nimeona wanaume wakibeba bunduki, wakibeba ng'ombe aliyevunjika mguu, sijaona mwenye nguvu kama yule.

Siku ya kumi malaria ikamuangusha Edmond. Mama Aurélie akanigeukia: "Mzee, na weye?" Mikono hii imeshika panga na kamba ya ng'ombe. Nikasema siwezi, hii ni kazi ya... Pale kitandani mwanangu alikuwa ananiangalia, macho mekundu, mwili wote unatetemeka.

"Papa," akasema, "usikawie. Atapoa."

Nikavua shati mbele ya wanamuke kumi. Edmond akanifunga kikwembe, akanipangia vidole kimoja kimoja. "Usimubane. Pumua polepole, naye atakufuata." Nikapumua, naye akapumua. Machozi yakanitoka, na wacha yatoke. Leo ule mutoto ana mwaka muzima, tulimuita Anastasie, na ananivuta ndevu kila asubuhi.

Lakini siku ile, mwanaume mumoja aliyekuja kuona bibi yake alisimama mulangoni, akaangua kicheko: "Mzee, umekuwa mama?"

"Nenda ucheke inje," nikamuambia. "Mwanangu amenipa kazi."