Kondo Lililozikwa Uani

Hebu jaribuni kuuona ua wa makuti huko Kaole, asubuhi. Mwanamke mzee amechuchumaa karibu na bafu, anachimba kwa jembe la mpini mfupi. Kando yake kuna chungu kilichofunikwa kwa kipande cha kanga, na mtoto wa kike aliyeshika kopo la maji. Mwanamke yule ni bibi yangu, mzaa mama. Mtoto ni mimi.

Nilipokuwa mtoto, kwetu kondo la nyuma halikutupwa. Lilirudishwa nyumbani likazikwa, na lilikuwa na adabu yake: kamba ya kitovu itazame juu. Ikitazama chini, tuliambiwa, mama hazai tena.

Alfajiri hiyo mdogo wake mama, mamdogo Mwanahawa, alikuwa amejifungua mtoto wa kike hospitalini, mjini. Bibi alikabidhiwa kondo, akaambiwa mama na mtoto hawajambo. Kwa hiyo alizika kwa furaha.

"Njoo ujifunze, mke mwenzangu," alinitania kama kawaida yake. "Nikifa mimi, nani atawazikia?"

Aliinyoosha kamba kwa vidole viwili mpaka ikasimama, ndipo akaanza kufukia.

"Imetazama wapi?"

"Juu, bibi."

Hatukujua kwamba saa hiyo damu ya mamdogo ilikuwa imekataa kukatika. Walimpa dawa, wakamwongezea damu, mwishowe wakampasua na kumtoa kizazi. Akabaki hai. Akabaki hai, na sikumsikia mtu mzima hata mmoja akilitaja hilo kwa shukrani.

Mama mkwe wake alikuja kutoka Kerege kabla mshono haujapona. Chai aliikataa.

"Mkwe, ulilizikaje?"

"Kama nilivyoyazika ya wanangu wote."

"Na bado kizazi kimetoka."

"Daktari kasema kililegea, hakikujikaza. Ndiyo maana damu ikamtoka vile."

"Daktari kaona tumboni. Shimoni hajaona."

Akataka lifukuliwe. Bibi alichimba mwenyewe, majirani wakitazama. Siafu walikwishatutangulia; mle shimoni hamkuwa tena na juu wala chini. Nikasema mimi niliiona kamba, ilitazama juu. Mama mkwe akacheka.

"Shahidi mwenyewe bado anang'oka meno."

Mume wa mamdogo hakutoa talaka. Alioa mwingine, akaacha kuja. Mamdogo akarudi Kaole na mwanawe mgongoni, na wanawake waliokuja kumpa pole walimtazama bibi kwa pembe ya jicho. Hakuna aliyemwita tena kuzika kondo.

Hayo angeyavumilia. Kilichommaliza ni kwamba yeye mwenyewe alianza kuvitilia shaka vidole vyake. Alikuwa akipepeta mchele, mara ungo unasimama.

"Mke mwenzangu, ilitazama wapi?"

"Juu, bibi."

Nilipokuwa mwalimu nilikaa naye mkekani, nikamweleza polepole, kama ninavyowaeleza watoto darasani: hata kama ingetazama chini, mamdogo angetokwa na damu vilevile. Waliomtoa kizazi walimwokoa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sijakuuliza hayo, mwalimu. Nimekuuliza ilitazama wapi."

Alifariki akiwa bado anauliza.

Yule mtoto wa mamdogo sasa ni mwanamke mzima, na ana mimba yake ya kwanza. Juzi, tukichambua mchicha, aliniuliza kama ni kweli bibi ndiye aliyemfunga mama yake asizae tena.

"Nani kakwambia?"

"Mama."

Miaka yote hiyo walikuwa wakilala nyumba moja, wakila sahani moja, na mamdogo hakuwahi kumtamkia mama yake neno hilo. Sijui kama bibi alilijua. Naogopa kwamba alilijua, na ndiyo maana hakuchoka kuniuliza.

Mambo ya damu, mdogo wangu uliyeniuliza, wataalamu wa kliniki watakueleza vizuri kuliko mimi. Mimi nakuomba ukumbuke jambo moja tu, kwa sababu nimebaki peke yangu niliyeliona: ilitazama juu.