Shamba la Nyandwi Lililokataa Kuonekana

Iko siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu: nilimwambia mama wa watu kwamba kadi ya shamba la baba yake haipo, nami nilikuwa nimekosea.

Nilikuwa kijana, karani katika ofisi ndogo ya kumbukumbu pale Rumonge. Kadi za zamani za mashamba tulikuwa tumeziingiza kwenye kompyuta, nyingine kwa Kirundi, nyingine kwa Kifaransa, chache kwa Kiswahili, kila karani wa zamani na lugha yake. Kutafuta nilijifundisha mwenyewe, basi nikajiona bingwa. Mwanzoni, ukiandika maneno manne, mashine ilileta kila kadi yenye neno lolote kati ya hayo, mamia kwa mamia. Nikaiamuru: maneno yote yawepo, la sivyo usilete kitu.

Akaja Mama Esta, aliyerudi kutoka Tanzania baada ya miaka mingi. Kesho yake wazee wa kwao Kizuka wangekaa kuamua mpaka kati yake na jirani, na bila ile kadi hakuwa na la kusema. Nikaandika kama alivyonieleza: Nyandwi, ndilo jina la baba yake, kisha Kizuka, shamba, michikichi. Hakuna kitu.

"Haipo, mama."

"Angalia tena, mwanangu. Baba hakuwa mtu wa kuota."

"Mashine haidanganyi."

Akashukuru, akaenda zake. Mkuu wangu, Mzee Fabiani, mwalimu mstaafu, alikuwa anamenya ndizi.

"Weye, hiyo mashine umeiamuru nini?"

Nikamweleza.

"Na karani aliyeandika kadi alikuwa mutu wa Kigoma, hata aandike kwa Kiswahili? Unamuita mutu kwa jina la ugenini, haitiki, unasema amekufa. Mtaka yote hukosa yote."

Nikataka kuiachia mashine ilete chochote. Akanizuia: "Kina Nyandwi ni wangapi hapa? Utasoma mpaka Noeli."

Basi tukafanya hivi. Jina na mahali vikabaki sharti. Lakini shamba, au itongo la Kirundi, au champ la Kifaransa, lolote kati ya hayo lingetosha. Vivyo hivyo michikichi, ibigazi au palmeraie. Ikaja kadi moja: Nyandwi, Kizuka, itongo, palmeraie. Lugha mbili katika mstari mmoja.

Nilikimbia. Nilimkuta sokoni akibishana bei ya ndagala, wale dagaa wa ziwani. Akaisoma kadi polepole mpaka mwisho, hata kijito cha mpakani kilikuwa kimetajwa, akacheka.

"Kumbe baba yupo. Ni wewe uliyemnyima lugha yake."

Akanifungia ndagala kwenye gazeti. Nusu aliila Mzee Fabiani.

Mwanangu, masharti ni mazuri. Bila masharti utazama kwenye makaratasi. Ila kabla ya kusema "haipo", jiulize aliyeandika alikuwa nani, na nyumbani kwake walikiitaje kitu hicho. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na ukiinama usione, sema "sijaiona", maana hilo ndilo unalolijua kwa hakika.

Mungu akupe macho mazuri na wakubwa wa kukuuliza maswali. Na ukipewa ndagala, gawa.