Mguu wa Shangazi Mwanasiti

Hina iliyokandwa kwa ndimu na mafuta ya karafuu ina harufu ambayo pua yangu haijapata kuizoea, ingawa ndiyo kazi yangu. Kila nikifunua bakuli hurudi Msambweni, kwenye ua wa makuti wa nyumba yetu, miaka ile ya kupata uhuru, nikamwona Shangazi Mwanasiti, dada yake baba, amekaa mkekani na mguu wake wa kushoto ameunyoosha.

Mguu ule ulikuwa na matende. Ulivimba kuanzia gotini hadi vidoleni, na majirani walinong'ona kwamba alikanyaga kitu alichotegewa njiani. Mimi sikuwa na habari ya kutegewa. Nilichokijua ni kwamba ule mguu ulikuwa mzuri. Shangazi ndiye aliyewachora maarusi wa mji wetu, na kila ua jipya alilolibuni alilijaribu kwanza hapo, kwa chelewa, kile kijiti cha uti wa jani la mnazi, taratibu, huku akiimba. Wenye arusi wakija, salamu zikiisha walisema tu, "Hebu tuuone mguu." Shangazi akipandisha leso, nao wakiinama kuchagua, wakibishana kama wako dukani.

Ila yeye mwenyewe hakutoka. Bibi arusi aliletwa kwake, naye arusini hakwenda. Mama alichoka kumwambia, "Wifi, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Mimi sikuyaficha, nimeyapamba."

"Umeyapamba, lakini uani."

Hapo Shangazi alikoroga hina ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Siku moja kabla ya sherehe za uhuru, ua wetu ulijaa wanawake waliotaka kuchorwa. Zamu yangu ilipofika nilimwonyesha nililolitaka: ule mti mkubwa uliopanda kutoka kwenye kifundo, ukalizunguka shavu la mguu wake kwa matawi na majani yasiyo na idadi. Shangazi akacheka. Akasema mguu wangu mwembamba kama mwiko, mti ule ungeishia jani la pili.

Niliangua kilio. "Kwa nini Mungu amempa Shangazi mguu mkubwa, mimi akaninyima? Kila siku namwomba anipe na mimi!"

Mama alisema "Astaghfirullahi!" akanishika sikio, akalisokota. Shangazi alijifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika, na mimi nikajua nimemliza. Alipofunua uso, alikuwa akicheka na machozi yakimtoka, vyote pamoja.

"Mwache, wifi," alisema. "Tangu niupate mguu huu, huyu ndiye wa kwanza kuutamani." Kisha akanivuta karibu. "Omba dua nyingine, mwanangu. Huu una homa zake, huzijui wewe. Na kesho uwanjani tutakwenda sote, mimi na wewe."

Mama aliliachia sikio langu.

Tulikwenda polepole, mkono wake begani kwangu, leso ameipandisha kidogo juu ya kifundo. Moyo wangu ulijaa fahari hadi nikaona kila mtu ananionea wivu. Watu walitazama, na wapo waliogeuza uso. Lakini tulipofika upande wa wanawake, mmoja alinyoosha mguu wake kando ya ule wa Shangazi, akalitafuta ua lake kwenye mguu ule mpaka akaliona. Wa pili akafanya vivyo hivyo, kisha wa tatu. Vigelegele vilivyopigwa pale havikuwa vya bendera, na Shangazi alikaa katikati yao mpaka jua likawa kali.

Nilikuwa mtu mzima nilipojifunza kwamba matende huletwa na mbu, wala si mtego wa mtu. Nikajua pia kwamba Shangazi alichora siku zile mguu ulipomuuma zaidi, na kwamba aliimba ili asipige kelele. Hakuna aliyeniambia nilimfanyia jambo jema siku ile, na kwa kweli mimi niliulilia ule mti tu. Lakini nashukuru kwamba nilizaliwa katika nyumba ambamo niliujua uzuri wa mguu ule kabla ya kulijua jina la maradhi yake.

Dua yangu haikukubaliwa, alhamdulillahi. Kila mchoro mpya huujaribu kwanza mguuni kwangu, kwa chelewa, kama alivyofanya yeye. Mti wake nimeujaribu miaka nenda miaka rudi. Huishia jani la pili.