Nyumba ya Mama Bila Moto

Mama alifariki Njombe, Jumapili ya mwisho ya Juni, mwaka juzi. Alikuwa ameugua miaka sita, na miaka yote hiyo mdogo wangu wa kike ndiye aliyekaa naye, akimwogesha na kumkorogea uji. Mimi nilikuwa nafika mwisho wa mwezi na kuondoka.

Baada ya msiba, kikao cha ukoo kilinipa usimamizi wa mirathi. Tulikubaliana nyumba iuzwe, kila mmoja apate chake: mimi, mdogo wetu wa kiume aliyeko Mbeya, na huyu dada. Dada alikubali kwa kichwa tu. Sikumwuliza angekwenda kuishi wapi.

Mteja hakupatikana. Wenye hela Njombe siku hizi wananunua mashamba ya parachichi, nyumba za zamani za tofali za kuchoma hawazitazami. Dalali akanishauri nipake rangi, nibadilishe vioo vilivyopasuka na mlango wa jiko ulioliwa na mchwa. Nilifanya yote kwa mikono yangu. Bado kimya. Ndipo siku moja, tumesimama uani na dada yumo ndani anasonga ugali, dalali akaniambia:

"Mzee, mteja akikuta sufuria jikoni anajua hapa kuna ugomvi wa ndugu. Mtoe dada yako kwanza."

Jioni ile nikamwambia dada ahame kwa muda mfupi. Akauliza kama anaweza kubaki chumba cha nyuma, wateja wakija atoke akae kwa jirani. Nikamjibu kwamba dalali amekataa. Kusema kweli dalali hakukataa, kwa sababu sikumwuliza.

Dada akapanga chumba Makambako, akaanza kuuza parachichi karibu na stendi.

Tangu siku hiyo jiko halikuwashwa. Mvua zilipoingia, kuta nilizopaka nyeupe zikaota kuvu kuanzia chini kupanda juu, na dari ikaanza kunuka. Huku kwetu nyumba isiyowaka moto haikauki. Nimelijua hilo tangu utoto, lakini mawazo yangu yote yalikuwa kwa mteja. Wakaja watu wawili tu. Wa pili alipapasa ukuta, akanusa vidole vyake, akaaga kwa adabu.

Mwezi uliopita nikapanda basi kwenda Makambako. Nilimkuta mezani kwake amejifunga kitenge kichwani kwa sababu ya upepo. "Kamwene, kaka," akanisalimu, akanisogezea kigoda. Aliniuliza habari za watu wa nyumbani kwangu mmoja mmoja, mpaka mjukuu mdogo. Nami nikamwomba arudi Njombe, nikamweleza hali ya kuta.

"Unanitaka mimi, kaka, au unatafuta mtu wa kuwasha moto?"

Nikasema vyote viwili. Akacheka kidogo, akapangua parachichi zake na kuzipanga tena.

"Haya, nirudi. Na mteja akija?"

Nilitaka kumwambia atabaki. Lakini nyumba bado tunaiuza, na yule wa Mbeya hunipigia simu kila wiki kuulizia. Uongo nilishamwambia mmoja. Nikainuka kwenye kigoda.

Hakurudia swali. Alichagua parachichi tatu zilizoiva vizuri, akanifungia kwenye mfuko, akamwomba mwenzake amwangalizie meza. Akanisindikiza hadi kwenye basi la Njombe, akasimama hapo mpaka nilipopata kiti.